Tusiwanyime wachoraji chipukizi nafasi ya kunakili

Methali isemayo kwamba mwiga tembo hupasuka msamba imegeuzwa rungu katika shule zetu. Mwalimu huitumia kumwonya mwanafunzi aliyefuata mtindo wa insha ya mwenzake, na huitumia tena kumkemea yule aliyeonekana katika chumba cha sanaa akiwa ameweka mbele yake picha ya mchoraji wa kale, akiifuatisha mstari kwa mstari na rangi kwa rangi. Huyu huambiwa papo hapo kwamba kazi hiyo si yake, aiweke kando, atumie ubunifu wake. Naye hurudi kwenye karatasi tupu, akaikodolea macho, na mwishowe akachora kile ambacho wanafunzi wengi huchora wanapoamrishwa kubuni: milima miwili, jua linalochomoza katikati yake, nyumba ya msonge na mti mmoja ulioinama. Hicho ndicho kinachoitwa ubunifu. Hakuna anayeuliza ni kwa nini picha arubaini za darasa zima zinafanana ilhali kila mtu alikatazwa kuiga.

Methali yenyewe, tukiichunguza, haikatazi kuiga. Inamwonya anayeiga bila kujipima. Kuna umbali mkubwa baina ya maonyo hayo mawili, na umbali huo ndio unaonisukuma kuandika makala haya. Maoni yangu ni kwamba mwanafunzi anayetaka kujifunza uchoraji wa rangi za mafuta hana mwalimu bora, mwenye subira na asiyedanganya, kuliko picha moja ya bingwa wa kale ambayo ameinakili kutoka mwanzo hadi mwisho. Na kati ya picha zote, inayomfaa zaidi ni ile inayoonyesha vitu vichache vilivyotulia juu ya meza.

Picha za namna hiyo hazijapata jina lililokubalika katika Kiswahili. Waholanzi wa karne ya 17, ambao walizichora kwa wingi ajabu, waliziita stilleven, yaani kitu hai kilichotulia, ingawa kabla ya neno hilo kuenea walikuwa na majina ya nyumbani zaidi, kama vile ontbijtje, kifungua kinywa, kwa picha ya mkate, samaki na bilauri. Wafaransa nao husema nature morte, maumbile yaliyokufa, jina ambalo kwa maoni yangu linayadhulumu matunda. Mimi nitaziita picha tuli mpaka atakapotokea mwenye jina bora.

Tuna bahati, hata hivyo, kwamba Kiswahili kinatofautisha mambo ambayo shuleni tumezoea kuyafumba katika neno moja. Kuiga ni kufuata mwenendo au namna ya mtu. Kunakili ni kukihamisha kitu kutoka mahali kimoja hadi kingine, na ndiyo maana ya shina lake la Kiarabu. Kughushi ni kudanganya: kutengeneza kitu na kukipa jina la asiyekitengeneza. Mwizi wa mitihani anaghushi. Mwanafunzi aliyeketi waziwazi mbele ya picha ya bingwa na kuandika nyuma ya turubai yake kwamba hii ni nakala, amenakili tu. Kumwita mwizi ni kutojua lugha.

Katazo hili lina historia yake, na ni historia ya heshima. Margaret Trowell, aliyeanzisha mafunzo ya sanaa huko Makerere mwishoni mwa miaka ya 1930, alihofu kwamba kuwafunza Waafrika kwa kufuatisha mifano ya Ulaya kungezima macho yao wenyewe. Alipendelea kuwasimulia tukio au hadithi, nao wachore yale waliyoyaona akilini. Mmoja wa waliopitia Makerere katika enzi hiyo ni Elimo Njau, ambaye michoro yake ya ukutani katika kanisa la Murang'a, ya mwishoni mwa miaka ya 1950, ilimweka Yesu Mwafrika katika mandhari ya nchi yetu. Njau ni miongoni mwa walioanzisha jumba la sanaa la Paa ya Paa jijini Nairobi mwaka 1965, na kauli yake inayokumbukwa mno ni ile isemayo kwamba kunakili humlaza Mungu usingizi.

Anayeidharau kauli hiyo hajui ilitamkwa wakati gani. Palikuwa na wageni waliosadiki kwamba Mwafrika hawezi ila kufuatisha. Palikuwa pia na soko la vinyago vya watalii, ambako twiga yuleyule na Mmaasai yuleyule walichongwa maelfu kwa maelfu, kila mmoja akiwa nakala ya nakala iliyotangulia, mpaka mchongaji akasahau kwamba twiga ni mnyama anayeweza kutazamwa. Mbele ya hali kama hiyo, msanii aliyesema "msinakili" alikuwa anaokoa jambo kubwa. Lakini kauli ya msanii inapotolewa mahali pake na kufanywa kanuni ya darasani hubadilika tabia. Njau alikuwa amekwisha kupata ufundi wake alipoitamka. Mwanafunzi wa kidato au wa gredi anayeisikia leo hana ufundi wa kuulinda. Tunamkataza njia, kisha tunamlaumu kwa kutofika.

Aidha, si kweli kwamba utamaduni wetu unaichukia nakala. Katika ushairi wa Waswahili kuna bahari iitwayo takhmisi, ambayo msingi wake wote ni kazi ya mtu mwingine. Mshairi huchukua beti za aliyemtangulia, akazihifadhi neno kwa neno, akaongeza mishororo yake mitatu kwenye kila ubeti ili itimie mitano. Takhmisi ya Liyongo, inayonasibishwa na Sayyid Abdallah bin Ali bin Nasir wa Pate, ilitungwa kwa njia hiyo, na mtu huyohuyo ndiye anayenasibishwa na Al-Inkishafi, ambao ni miongoni mwa tenzi zinazosifiwa mno katika lugha yetu. Je, kukaa ndani ya beti za Liyongo, kupima mizani yake na kutafuta vina vinavyoafikiana na vyake, kulimlaza Sayyid Abdallah usingizi? La hasha! Huko Siyu, kisiwani Pate, waandishi walinakili misahafu kwa mkono kwa ustadi ambao hadi leo huwastaajabisha wataalamu. Na humo, katika kazi ambayo hairuhusu kubadilishwa hata herufi, walizua mapambo ya pambizoni yanayotambulikana kuwa ni ya Siyu na si ya kwingineko.

Ulaya nako mambo hayakuwa tofauti. Jumba la Louvre mjini Paris lilipofunguliwa kwa umma mwaka 1793, wachoraji waliruhusiwa kuingia na kunakili, na ruhusa hiyo ipo mpaka sasa. Mwaka 1893 aliingia humo kijana Henri Matisse, akaketi mbele ya picha tuli kubwa ya mwaka 1640 ya Jan Davidsz. de Heem: meza iliyosheheni matunda, vyombo na kitambaa kilichokunjamana. Akainakili kwa uaminifu. Mwaka 1906 Matisse huyo alinunua kinyago kidogo cha Wavili kutoka Kongo, na yeye na rafiki zake wakawa wanafunzi wa wachongaji wa Kiafrika ambao majina yao hawakuyajua. Kisha, mwaka 1915, akairudia meza ileile ya de Heem, safari hii kwa mistari mikali na rangi bapa, vitu vikivunjwavunjwa na kupangwa upya. Picha hiyo iko New York, na hakuna anayeweza kuidhania kuwa ni ya Mholanzi. Kati ya nakala ya kwanza na picha ya pili ilipita miaka 22. Ninaitaja hesabu hiyo kwa sababu shule zetu hutaka uhuru wa 1915 kabla ya kazi ya 1893.

Lakini ni nini hasa anachojifunza mnakili? Hapa ndipo wengi wanaponyamaza, kwa hiyo afadhali tuingie jikoni.

Tuchukue picha ya Mhispania Francisco de Zurbarán ya mwaka 1633. Kushoto mwa meza kuna malimau manne juu ya sahani ya madini. Katikati kuna kikapu cha machungwa yenye majani na maua yake. Kulia kuna kikombe cha maji juu ya sahani ya fedha, na waridi moja limelala ukingoni mwa sahani. Nyuma ni giza. Basi. Picha hiyo, ambayo sasa imehifadhiwa katika Makumbusho ya Norton Simon huko Pasadena, Marekani, ndiyo picha tuli pekee ya Zurbarán aliyoitia sahihi na tarehe. Hakuna kitu ndani yake ambacho mtoto wa Malindi au wa Makueni hakijui kwa jina.

Mwanafunzi hupiga miraba juu ya picha iliyochapishwa, kisha hupiga miraba mingine juu ya turubai, na kuhamisha mistari mraba mmoja baada ya mwingine. Kabla ya kugusa rangi tayari amegundua kwamba hajawahi kuitazama picha hiyo. Alidhani vitu vimepangwa vivi hivi. Sasa miraba inamwonyesha kwamba kila kundi limepewa nafasi yake, na kwamba pengo lililo baina ya kundi na kundi limepimwa kama vile vitu vyenyewe. Anafika kwenye sahani, na mkono wake unachora duara, kwa kuwa akili yake inajua kuwa sahani ni ya mviringo. Picha inamkatalia. Sahani inayotazamwa kutoka ubavuni ni duaradufu, na duaradufu hiyo hunyooka au kubanika kulingana na kimo cha jicho. Somo hilo mwalimu angeweza kulieleza kwa dakika tano na kusahauliwa kwa dakika sita. Aliyelifuta na kulichora mara nane halisahau.

Baada ya hapo huja tabaka la kwanza, ambalo halina rangi ya tunda hata moja. Ni kahawia ya udongo iliyozimuliwa, ya kuweka mwanga na giza tu. Kwa siku kadhaa malimau yatakuwa ya kahawia, na machungwa vilevile. Wanafunzi wengi hukerwa na hatua hii. Wanaitaka manjano yao. Lakini ni katika kahawia hiyo ndipo wanapofahamu kwamba nuru yote inatoka kushoto, na kwamba kinachomfanya mtazamaji asadiki kuwa tunda lina uzito ni giza lililo upande wake wa pili na kivuli chake juu ya meza. Rangi ni mgeni anayekuja baadaye kwenye nyumba ambayo imekwisha kujengwa.

Inapowadia zamu ya manjano, limau huwa mwalimu mkali. Mwanafunzi hulipaka manjano kote, na anapata mpira. Hutia nyeusi kidogo ili apate kivuli, naye hushangaa: manjano iliyotiwa nyeusi haiwi manjano yenye giza, bali hugeuka kijani. Hurudi kwenye picha ya Zurbarán na kuitazama upya. Anaona kwamba manjano safi imewekwa mahali padogo mno, na kwamba sehemu kubwa ya limau ni kahawia, ni kijivu, ni mwako hafifu uliorudishwa na sahani kutoka chini. Limau ni neno moja, lakini jicho likiwa aminifu huona rangi kumi. Sisi wanaisimu tunajua vyema jinsi jina linavyoweza kumzuia mtu asikione kitu. Sijapata kukutana na dawa ya ugonjwa huo inayoshinda brashi.

Kisha kuna kungoja. Rangi ya mafuta haikauki kama nguo inavyokauka kwenye kamba. Mafuta ya kitani hufyonza oksijeni kutoka hewani na polepole hugeuka kuwa utando mgumu. Kwa sababu hiyo mafundi wa kale walifuata kanuni kwamba tabaka la juu liwe na mafuta mengi kuliko la chini. Ukiweka tabaka lenye mafuta machache, linalokauka upesi, juu ya lile lenye mafuta mengi, la juu litakuwa limekaza ilhali la chini bado linasogea, na picha itapasuka. Anayenakili hulazimika kujiuliza ni lipi lililotangulia, giza la nyuma au ukingo wa tunda, jani au chungwa, na kuisoma picha kinyumenyume mpaka aupate mpango wa kazi. Hakuna mlima wala nyumba ya msonge iliyochorwa kwa dakika arubaini itakayomfunza hilo.

Jambo hili halinishangazi, kwa kuwa ndivyo mtoto anavyojipatia lugha. Hakuna mzazi anayemkalisha mwanawe wa miaka miwili kumweleza upatanisho wa ngeli. Mtoto husikia sentensi, huzirudia, na siku moja hutamka umbo ambalo hakuna mtu mzima aliyewahi kulitamka mbele yake, pengine kwa kubandika kiambishi pasipotakiwa. Kosa hilo ndilo ushahidi kwamba hakuwa kasuku. Ameichimbua kanuni iliyokuwa imejificha ndani ya mifano, na sasa anaitumia kuunda yake. Lakini mtoto asiyesikia sentensi za wengine hachimbui kitu.

Yamkini yuko msomaji anayeuliza mbona tumwendee Mhispania wa karne ya 17, baada ya miaka yote hii ya kupambana na kasumba. Swali hilo ni la haki. Jibu langu ni kwamba rangi ya mafuta juu ya turubai ni ufundi wenye ukoo wake, na anayeutaka hana budi kuubishia hodi ukoo huo, kama vile anayetaka kutunga takhmisi anavyokwenda Pate na Lamu, awe mzaliwa wa Busia au wa Berlin. Matisse hakuona haya kujifunza kutoka kwa Wavili. Atakayetaka kunakili ukuta wa Murang'a badala ya meza ya Zurbarán nitamuunga mkono kwa moyo mkunjufu, ila akumbuke kwamba ukuta una maarifa yake na mafuta yana yake.

Pingamizi lenye uzito zaidi ni kwamba mwanafunzi wetu hataiona picha yenyewe. Ataona chapa yake. Chapa hupotosha rangi, huficha unene wa rangi na alama za brashi, na hufanya picha kubwa na ndogo zionekane sawa. Hasara hiyo ni ya kweli. Hata hivyo, imepungua kuliko ilivyokuwa wakati ambapo shule ilitegemea kitabu kimoja chenye picha zilizofifia. Makumbusho kadhaa, Rijksmuseum la Amsterdam likiwa mstari wa mbele, yameweka picha zao kwenye intaneti bila malipo, kwa ukubwa unaomwezesha mtu kuona nyufa za rangi. Shule yenye kompyuta moja na mtambo wa kuchapisha tayari ina pa kuanzia.

Mtaala wa umilisi umeipa sanaa mkondo wake katika shule za upili, ubavuni mwa sayansi ya michezo, na jambo hilo ni la kupongezwa. Ila mkondo hauchori. Ningependa walimu wa sanaa wakubaliane juu ya utaratibu mmoja, na kwa hili tunaweza kuazima masharti ya Louvre: nakala isiwe na ukubwa sawa na wa picha ya asili, wala isibebe sahihi ya bingwa. Nyuma yake mwanafunzi aandike jina la aliyeichora kwanza, mwaka, na jina lake mwenyewe. Nakala moja kwa muhula mzima inatosha. Itahiniwe kama hatua ya kazi, wala isiadhibiwe kwa kutokuwa buni. Muhula unaofuata mwanafunzi apange meza yake mwenyewe, kwa taa ileile ya kutoka kushoto: sufuria iliyoungua chini, ndizi mbili, kikombe cha bati, kitu chochote cha nyumbani kwao. Picha hizo mbili ziwekwe pamoja mbele ya mtahini.

Gharama si kisingizio kamili. Kitambaa cha amerikani kilichovutwa juu ya fremu ya mbao na kufunikwa kwa rangi nyeupe ya msingi kimewafaa wachoraji wengi wa hapa Nairobi. Rangi tano au sita zinatosha kwa meza ya Zurbarán: nyeupe, nyeusi, manjano, nyekundu, kahawia ya udongo na pengine buluu. Madirisha yaachwe wazi kwa sababu ya tapentaini. Na vitambaa vilivyolowa mafuta ya kitani visirundikwe kabatini baada ya kipindi, maana mafuta hayo hutoa joto yanapokauka, na rundo la vitambaa huweza kushika moto lenyewe. Vianikwe nje kimoja kimoja, au vitiwe majini.